Padri Jacques: Mwalimu mkuu aliyewaficha watoto wa Kiyahudi shuleni

Asubuhi ya Januari 15, 1944, polisi wa siri wa Ujerumani, Gestapo, walivamia shule ya bweni ya Kikatoliki mjini Avon, kusini mwa Paris. Walijua waliyemtaka. Waliwatoa wavulana watatu, wakamkamata na mwalimu mkuu, Padri Jacques.

Mtawa huyu aliitwa Lucien Bunel alipozaliwa Januari 29, 1900, katika mji wa Barentin, Normandy. Babaye alikuwa kibarua katika kiwanda cha pamba. Baada ya kupata upadri mnamo 1925 alifundisha mjini Le Havre, lakini moyo wake ulitamani ukimya, na mwaka wa 1931 akajiunga na watawa Wakarmeli. Ukimya wenyewe haukudumu. Mnamo 1934 wakuu wake walimtwika jukumu la kuanzisha shule ya wavulana huko Avon, na kuanzia hapo akaishi katikati ya kelele za vijana.

Vita vilipozuka mwaka wa 1939 aliitwa jeshini. Alitekwa na Wajerumani mwaka uliofuata, akaachiliwa miezi michache baadaye, na mwanzoni mwa 1941 akaifungua tena shule yake. Nchi aliyoirudia ilikuwa imebadilika. Serikali ya Vichy ilikuwa imewapiga marufuku Wayahudi kufundisha, na kufikia 1942 walikuwa wakikamatwa kwa maelfu, watoto wao wakiwemo.

Padri Jacques hakutoa hotuba nyingi kuhusu jambo hilo. Alimwajiri Lucien Weil, mtaalamu wa mimea ambaye sheria hizo zilimnyima kazi, awafundishe wanafunzi wake. Kisha mnamo 1943 aliwasajili Hans-Helmut Michel, Jacques Halpern na Maurice Schlosser kwa majina ya bandia. Michel, kwa mfano, alijulikana darasani kama Jean Bonnet. Mvulana wa nne aliwekwa miongoni mwa wafanyakazi wa shule.

Watu humsifu padri na kuwasahau wanafunzi. Wale wa madarasa ya juu walielezwa wenzao wapya ni akina nani, na hatari iliyoikabili shule kwa kuwapokea. Wadogo hawakuambiwa kitu. Vijana hao walikwenda nyumbani likizoni, wakaketi mezani na jamaa zao, wakarudi bwenini, na siri ikabaki siri karibu mwaka mzima. Mdomo mmoja mwepesi ungeiangamiza shule. Anayewajua vijana atakiri kwamba hilo si jambo dogo.

Siku ya kukamatwa, wanafunzi walikusanywa uani wakamwona mwalimu wao akipelekwa. Aliwaaga kwa upole, kana kwamba angerejea jioni. Shule ikafungwa.

Wavulana hao watatu walisafirishwa hadi Auschwitz Februari 3, 1944, pamoja na Weil, mamake na dadake. Hakuna hata mmoja wa watoto hao aliyerudi. Ndiyo sababu ni vigumu kusimulia kisa hiki kama ushindi. Wapo watakaouliza padri huyo alifaulu nini hasa. Aliwapa mwaka mmoja zaidi wa masomo, michezo na marafiki, naye akalipa gharama yake yote.

Yeye alipitishwa katika magereza na kambi kadhaa hadi Mauthausen, kisha Gusen, nchini Austria. Humo aligawa chakula chake haba kwa wadhaifu na kuwaungamisha wafungwa kwa siri. Wanajeshi wa Marekani walipofika mapema Mei 1945, alikuwa amebaki mifupa na ngozi, tena akiugua kifua kikuu. Wafungwa Wafaransa walimchagua awe msemaji wao, naye akakataa kuondoka kabla yao. Alifariki mjini Linz Juni 2, 1945, akiwa na umri wa miaka 45, na maiti yake ikarejeshwa Avon kuzikwa.

Mnamo 1985, Israeli ilimtunuku heshima ya Mwadilifu Kati ya Mataifa. Miongoni mwa wanafunzi waliosimama uani asubuhi ile alikuwemo mtoto wa miaka 11, Louis Malle, aliyekuja kuwa mtengenezaji filamu mashuhuri. Alitengeneza filamu nyingi kabla ya kuthubutu kuigusa siku hiyo. Filamu yake, Au revoir les enfants, ilitoka mwaka wa 1987.