Louis Leakey na Somo la Umri wa Dunia

Miongoni mwa mada zinazomtatiza mwalimu darasani, umri wa dunia na habari za viumbe vya kale ni mojawapo iliyo ngumu kabisa. Mwanafunzi hutajiwa miaka milioni mbili, kisha milioni mia moja na hamsini, naye huziandika tarakimu hizo daftarini kama aandikavyo bei za bidhaa, pasipo kuuliza zimepatikanaje. Kwetu Lushoto ugumu huo huzidi, maana miamba ya Usambara haina visukuku vya wanyama wa kale. Ilipikwa na kugeuzwa kwa joto na mgandamizo chini sana ya ardhi zaidi ya miaka milioni 600 iliyopita. Basi mwalimu wa hapa hana mfupa wa kuonyesha. Katika makala haya tunakusudia kueleza kwamba maisha ya Louis Leakey yaweza kumfaa mwalimu huyo, si kwa sababu ya ushindi wake tu, bali pia kwa sababu ya kosa lake.

Louis Seymour Bazett Leakey alizaliwa tarehe 7 Agosti 1903 huko Kabete, karibu na Nairobi, ambako wazazi wake Waingereza walikuwa wamisionari. Alikua pamoja na watoto wa Kikuyu, akakisema Kikikuyu kama lugha ya kwao, akapitia jando pamoja na rika lake. Angali kijana alisoma kitabu cha watoto juu ya watu wa zama za mawe, akaanza kuokota vipande vya mawe meusi vilivyochongwa, ambavyo vilitapakaa katika mashamba na kando ya barabara za kwao. Tunaona hapa jambo la kwanza la kuzingatia: elimu yake ilianzia katika vitu ambavyo kila mtu alivikanyaga.

Mwaka 1922 alikwenda Cambridge kusoma. Mwaka uliofuata aliumia kichwa katika mchezo wa ragbi, akashauriwa apumzishe masomo. Pumziko hilo lilimleta Tanganyika. Mwaka 1924 alijiunga na msafara wa Jumba la Makumbusho la Uingereza uliokwenda Tendaguru, mkoani Lindi, chini ya William Cutler kutoka Kanada. Hapo kabla, kati ya 1909 na 1913, Wajerumani walikuwa wamechimba mifupa ya dinosaria walioishi yapata miaka milioni 150 iliyopita, wakaisafirisha hadi Berlin. Kijana Leakey alijifunza kufukua mfupa bila kuuvunja, kuufunga na kuusafirisha. Cutler alifariki kwa malaria mwaka 1925. Leakey alirudi Cambridge, akahitimu mwaka 1926, na mwaka huo huo akaanza kuongoza misafara yake mwenyewe Afrika Mashariki.

Wakati huo wataalamu wengi waliamini kwamba asili ya binadamu ni Asia. Leakey alishikilia kwamba ni Afrika. Mwaka 1931 alifika Olduvai, bonde lililopewa jina na Wamasai kutokana na katani mwitu imeayo pale, akiwa pamoja na Hans Reck, Mjerumani aliyewahi kuchimba hapo mwaka 1913. Reck alikuwa amepata mifupa kamili ya mtu ndani ya tabaka la kale, naye aliamini mtu yule ni wa umri sawa na tabaka lile. Leakey alimuunga mkono. Lakini uchunguzi wa udongo ulidhihirisha kwamba mtu yule alizikwa: kaburi lake lilichimbwa kutoka juu likaingia katika tabaka lililo kuukuu kuliko yeye. Vipimo vya baadaye vilionyesha umri wa miaka 17,000 hivi tu.

Onyo hilo halikutosha. Mwaka 1932, huko Kanam, karibu na Ziwa Viktoria, Juma Gitau, mmoja wa wafanyakazi wake, alipata kipande cha taya. Leakey alitangaza kwamba ni cha mhenga wa kale mno wa binadamu wa leo, na mwaka 1933 mkutano wa wataalamu huko Cambridge ulimkubalia. Kisha Profesa Percy Boswell, bingwa wa elimu ya miamba, akaja kujionea mwenyewe. Leakey hakuweza kumwonyesha mahali penyewe. Vigingi vya chuma alivyoviweka vilikuwa vimetoweka, na picha aliyoitoa kuwa ya mahali pale ikabainika kuwa ya mahali pengine. Mwaka 1935 Boswell alichapisha habari hizo, na sifa ya Leakey ikaanguka. Taya ile ilikuwepo mkononi, ila haikuwa na pa kusimama. Mfupa uliotengwa na tabaka lake hauwezi kutuambia umri wake.

Leakey hakuacha kazi. Pamoja na Mary Nicol, ambaye alimwoa mwaka 1936 na ambaye alikuwa mwangalifu kumshinda katika kupima na kuchora, alirejea Olduvai mara kwa mara kwa miaka mingi, mara nyingi fedha zikiwa haba. Walisaidiwa na Waafrika wenye macho makali ya kutambua visukuku, mmojawapo Heselon Mukiri, ambaye Leakey alimfahamu tangu siku za Kabete. Tarehe 17 Julai 1959 Leakey alikuwa kambini akiugua; Mary alitoka peke yake, akaliona fuvu likichungulia katika mteremko. Walilipa jina la Zinjanthropus, kutokana na Zinj, jina ambalo Waarabu wa kale waliipa pwani yetu.

Safari hii mambo yalikuwa tofauti. Tabaka lilijulikana, na ndani yake mlikuwa na majivu ya volkano. Majivu hayo yana potasiamu, ambayo sehemu yake hugeuka polepole sana kuwa gesi ya agoni. Mwamba ukiwa moto gesi hiyo hutoroka. Ukipoa huanza kujikusanya upya, kama maji yadondokayo mtungini. Anayejua kasi ya matone na kiasi cha maji hujua mtungi ulitegwa lini. Leakey alikuwa amekisia miaka 600,000. Mwaka 1961 vipimo vilitoa miaka milioni 1.75. Aidha, mabaki yaliyopatikana baadaye yalimfanya aamini kwamba mchongaji wa zana zile hakuwa Zinj bali kiumbe mwingine, aliyetangazwa mwaka 1964 kwa jina la Homo habilis.

Leakey alifariki London tarehe 1 Oktoba 1972, akazikwa Limuru, karibu na wazazi wake. Mtoto huyu wa wamisionari hakuona kwamba utafiti wake unapingana na imani ya dini. Mwalimu aulizwaye swali hilo na wanafunzi, Wakristo au Waislamu, aweza kuwatajia habari hiyo.

Sasa tuone namna ya kuyatumia maisha haya darasani. Kwanza, wanafunzi wachimbe shimo dogo katika bustani ya shule na kulijaza kwa matabaka matatu: mchanga, udongo mwekundu, kisha udongo mweusi, kila tabaka na kitu chake. Kundi moja, wenzao wasione, lichimbe kutoka juu na kuzika sarafu mpya katika tabaka la chini, kisha lifukie. Wenzao wafukue polepole, wakichora kila hatua. Atakayeiona alama ya kaburi lile dogo ameelewa kosa la Reck, wala hatalisahau.

Pili, ichukuliwe kamba ya mita 4.6, kila milimita moja iwe miaka milioni moja, nayo kamba nzima iwe umri wa dunia. Miamba ya Usambara iliyo chini ya miguu yao itakuwa zaidi ya sentimita 60 kutoka mwisho. Dinosaria wa Tendaguru sentimita 15. Zinj hata milimita mbili hazifiki. Ndipo mwanafunzi wa Lushoto atakapoona kwamba kukosa visukuku si ufukara: yeye huteka maji na kupanda viazi juu ya mwamba ambao wanyama wale wote ni wageni wa jana kwake. Nao watakaobahatika kwenda Tanga wataona katika mapango ya Amboni mawe ya chokaa yaliyofanyika chini ya bahari katika enzi ya Jura, ambamo dinosaria wa Tendaguru nao waliishi.

Tatu, na hili ndilo kubwa, mtihani wa mada hii usiishie katika kuuliza umri wa Zinj. Uulize pia umejulikanaje, na kwa nini taya ya Kanam ilikataliwa. Mwanafunzi awezaye kulijibu swali hilo la pili ameipata elimu yenyewe, hata kama tarakimu zitamtoka.