Padri Cecil Majaliwa: Mchungaji na Baba wa Nyumba



Kila aliyepata kuvuka kwenda Juani ameyaona magofu ya Kua, zile kuta za misikiti na majumba zilizoshikwa na mizizi ya miti. Wazee husimulia jinsi Wasakalava walivyokuja kwa ngalawa zao kutoka Bukini, mwanzoni mwa karne ya 19, wakauvunja mji na kuwachukua watu wake utumwani. Si Kua peke yake iliyopata msiba huo. Karne ile pwani yetu yote, toka Kilwa hata Unguja, ilikuwa njia ya watumwa, na wengi waliopita njia hiyo hatujui hata majina yao.

Mwezi huu tumkumbuke mmoja ambaye jina lake halikupotea. Alitekwa akiwa mtoto, Mungu akamtoa katika utumwa, akamfanya baba wa nyumba yake na baba wa Wakristo wengi. Huyo ni Padri Cecil Majaliwa, Mwafrika wa kwanza kupewa daraja ya ukasisi katika Misheni ya Vyuo Vikuu, ile tuliyozoea kuiita UMCA.

Majaliwa alikuwa Myao. Kama watoto wengi wa Kiyao wa wakati ule, alitolewa kwao akauzwa, akafika Unguja. Huko alikombolewa, akawekwa mikononi mwa Misheni. Akalelewa na kusomeshwa Kiungani, nje kidogo ya mji wa Unguja, ambako watoto waliokombolewa walifundishwa kusoma, kuandika, kusali na kufanya kazi. Hakuwa na mama wa kumpikia wala baba wa kumwongoza. Tulikumbuke jambo hili, maana litatusaidia kuelewa mengine yaliyotokea baadaye.

Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mapatano ya kulifunga soko la watumwa la Unguja. Krismasi ya mwaka ule ule Misheni ilianza kujenga kanisa mahali pale pale, na baada ya miaka sita, Krismasi ya 1879, kanisa likafunguliwa. Askofu Edward Steere ndiye aliyeisimamia kazi hiyo. Askofu huyu aliamini kwamba Waafrika watahubiriwa vema zaidi na Waafrika wenzao. Mwaka 1879 alimfanya John Swedi kuwa shemasi, Mwafrika wa kwanza wa UMCA kupata daraja hiyo. Swedi alibaki shemasi; njia ya kuelekea ukasisi ikamngojea mwingine.

Majaliwa alikua, akawa mwalimu. Akaoa msichana aitwaye Lucy, aliyelelewa Mbweni, mahali Misheni ilipowaweka watu waliotolewa utumwani na kuwasomesha watoto wa kike. Fikirini, wapenzi, ndoa ya namna hiyo. Watoto waliolelewa na Misheni hawakuwa na wajomba wa kukaa barazani kupanga mahari, wala shangazi wa kumfunda bibi arusi. Watu wawili waliokulia mikononi mwa wageni walianzisha nyumba, wakajifunza kuwa baba na mama. Katika miaka ya 1880 Majaliwa alipelekwa pia Uingereza, akasoma katika Chuo cha Mtakatifu Augustino mjini Canterbury, kisha akarudi kwa kazi.

Mwaka 1886 Askofu Charles Smythies alimpa ushemasi, na Majaliwa akatumwa Chitangali, katika nchi ya Newala, kusini kabisa kuelekea mto Ruvuma. Haikuwa safari ndogo. Kwanza bahari mpaka Lindi, halafu siku nyingi kwa miguu kupanda bara. Wala nchi haikuwa tulivu. Miaka minne tu kabla yake, mwaka 1882, Wamagwangwara, ndio Wangoni, walikuwa wameishambulia Masasi, wakachoma na kuteka, na Misheni ikalazimika kuhamia Newala. Baadaye Wajerumani wakaja, na Machemba, mkuu wa Wayao, akapigana nao juu ya uwanda wa Makonde mpaka 1899.

Katika nchi hiyo Majaliwa alikaa miaka kumi na mmoja. Mkuu wa Chitangali, Barnaba Nakaam, alikuwa Myao na Mkristo, naye Majaliwa alirudi kuwahudumia watu wa damu yake mwenyewe, wale aliotolewa kwao utotoni. Alifundisha shule, alitayarisha watu kwa ubatizo, aliongoza sala, alizunguka vijijini. Hakuwa na mzungu wa kumsimamia kila siku. Kazi iliwekwa mabegani mwake. Na kazi ilizaa matunda, kiasi kwamba Askofu hakuona shaka kumwendeleza mbele.

Ndipo mwaka 1890 Majaliwa aliitwa Unguja, akafanywa kasisi katika kanisa kuu, Kanisa la Kristo. Wapenzi, tuitazame siku ile. Mtu aliyekuwa mtumwa alipiga magoti pale palipokuwa soko la watumwa, akawekewa mikono, akasimama akiwa kuhani wa Mungu. Watu waliokuwa wakihesabiwa bei mahali hapo, sasa mmoja wao aliwagawia wenzake Mwili na Damu ya Bwana. Kisha akarudi Chitangali kuendelea na kazi.

Lakini kasisi huyu alikuwa na mke na watoto, nao walikua. Majaliwa alitaka wasome vizuri, kama yeye na Lucy walivyosomeshwa Unguja, na huko Chitangali, mbali na wenzake na mbali na shule kubwa za Misheni, aliona jambo hilo ni gumu. Akaomba kurudishwa. Misheni haikupenda kumpoteza mtu kama huyo kutoka kusini, maana nani angeshika nafasi yake? Mwaka 1897 alirudi Unguja.

Wengine wamesikitika kwamba aliiacha kazi iliyokuwa ikistawi. Tusiwe wepesi wa kuhukumu. Miaka kumi na mmoja si michache, na aliitoa yote bila kujificha. Zaidi ya hayo, mtu aliyenyang'anywa wazazi wake akiwa mtoto anajua, kuliko sisi, thamani ya baba aliye karibu. Mtume Paulo anamwagiza Timotheo kwamba askofu awe mtu anayeisimamia nyumba yake vema. Hakusema nyumba ingoje mpaka kazi ya Kanisa iishe. Kazi ya Kanisa haiishi.

Na mlango alioufungua haukufungwa tena. Wakafuata makasisi wengine Waafrika, kama Petro Limo wa Bondei, na Yohana Abdallah, Myao aliyetumika upande wa Ziwa Nyasa. Leo tunapomwona kasisi wetu altareni, naye ni mtu wa nchi yetu, tunaona ni jambo la kawaida. Halikuwa la kawaida mwaka 1890.

Sisi watu wa visiwani tunajua habari ya baba aliye mbali. Wengine wako baharini kwa wavuvi, wengine Dar es Salaam kutafuta riziki, na wapo wenye shughuli nyingi za kanisa, kikao leo na mkutano kesho, hata mtoto akamwona baba yake Jumapili tu. Kazi ni wajibu na ni heshima. Lakini tujiulize, kila mmoja nyumbani kwake: ada ya shule imelipwa, je, daftari la mtoto nimelifungua? Nasali mbele ya watu, je, nasali pamoja na mke wangu na watoto wangu?

Katika sala zetu tumtaje Padri Cecil Majaliwa pamoja na Lucy mkewe, na wote waliochukuliwa utumwani katika pwani hii, wenye majina na wasio na majina. Bwana awape raha ya milele, na mwanga wa milele uwaangazie. Amina.