Mkwawa na Silaha ya Njaa

Msafiri atokaye Njombe, akapita Makambako na kushika barabara kuu iendayo Iringa, huvuka nchi ambayo kabla ya mwaka 1900 ilikanyagwa na majeshi mengi. Upande mmja ni Ubena, upande wa pili ni Uhehe. Hapana shaka kila mtoto wa shule alijua jina la Mkwawa na ushindi wa Lugalo. Lakini Lugalo ilikuwa vita ya siku moja. Miaka minne aliyopigana msituni ndiyo yenye mafunzo makubwa zaidi kwetu, nayo husimuliwa kwa nadra.

Mkwawa alizaliwa karibu na mwaka 1855. Baba yake, Munyigumba, ndiye aliyeziunganisha koo nyingi za Uhehe ziwe dola moja. Munyigumba alipofariki, mnamo mwaka 1879, palizuka ugomvi wa kurithi utawala, na Mkwawa alipata kiti kwa kupigana. Baada ya hapo alipambana na Wangoni, akawatoza majirani kodi, akapeleka vikosi vyake mbali. Na tuseme kweli: Wabena na Wasangu waliuonja mkuki wake. Ng'ombe walichukuliwa na watu walihamishwa. Jambo hilo lilimgharimu baadaye.

Tarehe 17 Agosti 1891, jeshi la Wajerumani lililoongozwa na Emil von Zelewski lilivamiwa njiani huko Lugalo. Wahehe walijificha katika vichaka na mawe, wakaingia katikati ya msafara kabla ya mizinga kutengenezwa. Zelewski aliuawa, pamoja na Wajerumani wengine na askari zaidi ya 200. Silaha zao zilitekwa. Habari hizo ziliitia serikali ya Berlin fedheha kubwa.

Baada ya ushindi huo Mkwawa aliweka tegemeo kubwa juu ya ngome yake ya Kalenga, iliyozungukwa na ukuta wa mawe. Kumbe ukuta humfaa mwenye mizinga mikubwa kuliko mwenye mikuki. Tarehe 30 Oktoba 1894 Gavana von Schele aliivunja ngome hiyo. Mkwawa aliponyoka, akaingia katika milima na misitu, na hapo vita vya kuvizia vikaanza kwa kweli.

Kwa miaka minne Wajerumani hawakuweza kumkamata. Alilala hapa leo na kesho yuko mbali. Wanakijiji walimpa chakula na habari, tena walimficha. Tom von Prince, aliyejenga boma la Iringa mwaka 1896, alitambua kwamba kumwinda mtu mmoja msituni ni kazi bure maadamu vijiji vinamlisha. Kwa ajili hiyo vita vikageuzwa, vikaelekezwa kwa wananchi. Mashamba na maghala yalichomwa moto, mifugo ikachukuliwa. Nchi ilikatwa vipande, Merere akarudishwa Usangu. Mpangile, ndugu yake Mkwawa, alitawazwa na Wajerumani mwishoni mwa 1896. Kisha, walipomshuku kuwa anamsaidia ndugu yake kwa siri, walimwua mwaka 1897. Hatimaye kichwa cha Mkwawa kiliwekewa zawadi ya rupia 5,000.

Majirani aliowapiga zamani hawakuwa na sababu ya kumwokoa. Wengine, kama Kiwanga wa Wabena wa Ulanga, walisimama upande wa Wajerumani. Tarehe 19 Julai 1898, akiwa mgonjwa, amebaki na watu wachache mno, Mkwawa alijipiga risasi huko Mlambalasi kuliko kushikwa mateka. Kichwa chake kilikatwa. Fuvu lililotambuliwa kuwa lake lilirejeshwa Kalenga mwaka 1954, likapokewa na mjukuu wake, Chifu Adam Sapi Mkwawa.

Silaha hiyo ya njaa haikuwa ya Wajerumani peke yao. Huko Ufilipino, mwaka 1901, Wamarekani walimkamata Aguinaldo kwa msaada wa wenyeji waliowaajiri, na katika jimbo la Batangas waliwakusanya wanavijiji mahali pamoja na kuharibu chakula kilichobaki nje. Mwaka 1902 Jenerali Malvar akasalimu amri. Miaka 60 baadaye, Wamarekani walipounga mkono kuhamishwa kwa wanavijiji wa Vietnam ya Kusini ili watengwe na wapiganaji, mpango huo ulishindwa. Mfumo ni ule ule: kumtenga mpiganaji na mkulima. Hufaulu pale watu walipogawanyika au walipochoshwa na njaa.

Haya yanatuhusu sisi wa Njombe na Makambako. Mnamo Septemba 1905, wakati wa Vita vya Maji Maji, Wabena chini ya Mbeyela waliishambulia misheni ya Yakobi, karibu na Njombe, wakarudishwa nyuma. Uhehe haikuinuka. Wapiganaji wengi wa Kihehe waliandamana na majeshi ya Wajerumani kuwapiga majirani zao. Moto ule ule uliochoma maghala ya Uhehe ukachoma maghala ya Ubena na Ungoni. Wajerumani wenyewe walikadiria waliokufa kusini kuwa 75,000; wanahistoria wengi huona hesabu hiyo ni ndogo mno, na sehemu kubwa ya vifo ilitokana na njaa.

Mwaka 1898 Mhehe alianguka na jirani akatazama. Mwaka 1905 jirani alianguka na Mhehe akatazama, au akasaidia kumwangusha. Mkwawa alikuwa shujaa, na heshima yake haipungui kwa kusema kwamba ushujaa wa kabila moja haukutosha. Yatupasa tumkumbuke kwa yote mawili: kwa kukataa kwake kutawaliwa, na kwa upweke uliomwua. Umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu. Babu zetu wa pande zote mbili za barabara ile walilipa bei ya somo hilo kwa mashamba yao na kwa watoto wao.