Johann Ludwig Krapf: matumaini kando ya kaburi la Nyali

Julai 13 mwaka 1844, Rosine Krapf alifariki dunia mjini Mombasa, wiki moja tu baada ya kujifungua mtoto wa kike. Mumewe, Johann Ludwig Krapf, mmisionari wa Kijerumani mwenye umri wa miaka 34, alikuwa amelala hoi kwa homa. Haukupita muda, mtoto naye akamfuata mama yake.

Haukuwa msiba wao wa kwanza. Mwaka 1843, walipokuwa wakijaribu kurejea Ethiopia ambako Krapf alikuwa amefanya kazi, Rosine alijifungua nyikani kabla ya wakati wake. Mtoto huyo hakuishi. Wazazi walimpa jina la Eneba, neno la Kiamhari lenye maana ya chozi.

Mlango wa Ethiopia ulipofungwa, Krapf, mzaliwa wa Derendingen karibu na Tübingen, aligeukia pwani ya Waswahili. Sayyid Said alimpokea Zanzibar mwanzoni mwa 1844 na kumpa barua ya kumtambulisha. Miezi michache baadaye alihamia Mombasa na mkewe mjamzito.

Rosine alizikwa bara, upande wa pili wa maji, katika eneo la Nyali. Yeye mwenyewe ndiye aliyetaka hivyo. Aliomba alazwe mahali wanapopita Wamijikenda, ambao wakati huo wakiitwa Wanyika, ili kaburi liwakumbushe sababu iliyowaleta wageni hao.

Krapf aliliandikia shirika lililomtuma, CMS la London, kwamba sasa lilikuwa na kaburi katika pwani ya Afrika Mashariki, na kwamba kwake hiyo ilikuwa ishara kuwa kazi imeanza. Barua hiyo imerudiwa sana makanisani, mara nyingi kana kwamba aliyeiandika hakuwa na chozi tena. Sivyo. Kumbukumbu zake zinaonyesha kwamba aliomboleza kwa siku nyingi. Aliamini na huku analia, na pengine ndiyo maana habari zake bado zinawagusa waliofiwa.

Mwezi mmoja kabla ya msiba alikuwa ameanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na Sheikh Ali bin Muhiddin, kadhi mjini humo. Ni jambo la kutafakari kwamba Mkristo huyu alijifunza lugha ya matumaini yake mbele ya mwanachuoni wa Kiislamu. Baada ya mazishi, alirejea katika kazi ile ile.

Mwaka 1846 aliungana na Johannes Rebmann, na wote wawili, wakiwa dhaifu kwa homa, wakahamia Rabai. Mavuno yalikuwa haba. Mtu wa kwanza kubatizwa, Mringe, alikuwa mlemavu aliyekuwa mahututi, na hakuishi muda mrefu baada ya ubatizo. Mmisionari Johannes Wagner alifariki mwaka 1849, na Christian Pfefferle akafariki mwaka 1851, muda mfupi baada ya kufika.

Mtihani mwingine ulimpata mwaka huo huo wa 1851. Akiwa safarini kuelekea mto Tana pamoja na Kivoi, kiongozi mashuhuri wa Wakamba, walivamiwa na wanyang'anyi. Kivoi aliuawa na msafara ukatawanyika. Krapf alijikuta peke yake porini, njaa na kiu vikimtesa, akitembea usiku na kujificha mchana.

Alipoufikia mto alikunywa hadi akatosheka, lakini hakuwa na chombo cha kuchukulia maji. Akajaza mfuko wa ngozi wa darubini yake, kisha akajaza mitutu ya bunduki na kuiziba kwa majani. Aliporudi kwa watu wa Kivoi, baadhi ya jamaa walimlaumu kwa kifo hicho, na ikambidi atoroke tena usiku. Katika masimulizi yake ya siku hizo, sala imo karibu kila hatua, na hofu pia imo. Hakuificha.

Afya mbaya ilimrudisha Ulaya mwaka 1853. Alikuwa na ndoto ya kuona vituo vya misheni vikipangana kama mnyororo kutoka pwani ya mashariki hadi magharibi mwa bara. Aliondoka bila kuiona ikitimia. Mwaka 1862 alirudi kwa muda kuwasaidia Wamethodisti kuanzisha kituo cha Ribe, karibu na Mombasa.

Miaka yake ya mwisho aliishi Korntal, Ujerumani, akiendelea kuandika. Novemba 26 mwaka 1881 alikutwa amefariki, akiwa amepiga magoti kando ya kitanda chake. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili, aliyoanza kuikusanya Mombasa, ilichapishwa London mwaka uliofuata.