Jim Clark: Mkulima aliyeibuka bingwa wa mbio za magari

WAZAZI wake walitaka awe mkulima, naye hakuwahi kuukana ukulima. Hata hivyo, Jim Clark anakumbukwa duniani kama mmoja wa madereva stadi zaidi katika historia ya mbio za Langalanga.

Clark alizaliwa Machi 4, 1936 katika eneo la Fife, Scotland, akiwa mwana wa kiume pekee miongoni mwa watoto watano. Mnamo 1942 familia ilihamia shamba la Edington Mains, karibu na mpaka wa Scotland na England. Akiwa na umri wa miaka 16 aliacha shule ili amsaidie baba yake kulima na kufuga kondoo.

Hapo ndipo mvutano ulipozuka. Kijana huyo mpole, mwenye haya na mazoea ya kuuma kucha, alianza kushiriki mashindano madogo ya nyumbani kwa gari lake aina ya Sunbeam-Talbot. Wazazi walipinga. Mchezo ulikuwa wa hatari, na shamba lilikuwa na mrithi mmoja tu.

Juni 1956 alisafiri hadi Crimond, kaskazini mashariki mwa Scotland, ambako mbio ziliandaliwa katika uwanja wa ndege uliojengwa wakati wa vita. Alikwenda kumsaidia rafiki yake, Ian Scott-Watson, aliyekuwa pia mkulima. Rafiki huyo alimwachia usukani wa gari lake dogo la DKW. Clark hakushinda, lakini alikwenda kasi kumliko mwenye gari. Tangu siku hiyo, Scott-Watson alijitwika jukumu la kumtafutia magari ya kushindania.

Mnamo 1958 alijiunga na timu ya Border Reivers na kukabidhiwa Jaguar yenye nguvu nyingi. Desemba 26 mwaka huo, katika uwanja wa Brands Hatch, alimaliza wa pili nyuma ya Colin Chapman, mwanzilishi wa kampuni ya Lotus. Chapman hakumsahau. Kufikia 1960, Clark alikuwa dereva wa Lotus katika Langalanga.

Alitwaa ubingwa wa dunia mnamo 1963 na 1965, akashinda mbio 25 kati ya 72, na Indianapolis 500 mnamo 1965.

Hofu ya wazazi wake ilitimia Aprili 7, 1968, gari lake lilipoacha njia na kugonga miti katika uwanja wa Hockenheim, Ujerumani Magharibi. Alikuwa na umri wa miaka 32.

Alizikwa Chirnside, karibu na shamba lao. Jiwe la kaburi lake linamtaja kwanza kama mkulima, kisha bingwa wa dunia.