George Müller, Mtu wa Maombi

Wenzangu, msimdharau kijana mtundu. George Müller alizaliwa Prussia mwaka wa 1805. Alikuwa akimwibia babake pesa, na akiwa na miaka 16, umri wangu huu, alifungwa jela kwa kukosa kulipa deni la hoteli. Mwaka wa 1825 alienda mkutano wa maombi mjini Halle, akabadilika kabisa.

Mnamo 1836 alifungua nyumba ya mayatima huko Bristol, Uingereza. Hakumwomba mtu pesa. Alipiga magoti tu, kisha akaamka kufanya kazi. Siku nyingine pesa ziliisha kabisa, lakini msaada ulifika. Alipofariki mwaka wa 1898, mayatima zaidi ya 10,000 walikuwa wamelelewa. Basi tuombe, tusikate tamaa!