Archie Cochrane: Tabibu Aliyedai Ushahidi

Mnamo mwaka wa 1941, katika kambi ya wafungwa wa vita mjini Salonika, Ugiriki, wafungwa walianza kuvimba miguu. Waliowalinda walikuwa Wajerumani. Aliyewatibu alikuwa Mskoti, Archibald Leman Cochrane, tabibu aliyetekwa kisiwani Krete mwaka huohuo. Naye alikuwa amevimba, na dawa hakuwa nazo.

Alikumbuka jaribio la James Lind, aliyelinganisha tiba za kiseyeye miongoni mwa mabaharia mwaka wa 1747. Akawateua wagonjwa 20 na kuwagawa katika vyumba viwili: kumi wakapewa hamira, kumi vitamini C. Kufikia siku ya nne, wale wa hamira walikuwa wamepata nafuu. Aliwapelekea Wajerumani takwimu zake, nao, kinyume cha matarajio yake, wakaleta hamira. Hata hivyo, baadaye hakulisifu jaribio hilo. Wagonjwa walikuwa wachache, muda ulikuwa mfupi, na maelezo yake mwenyewe kuhusu chanzo cha uvimbe aliyatilia shaka. Kwa maoni yetu, ungamo hilo lamtambulisha kuliko ushindi wenyewe.

Cochrane alizaliwa Galashiels tarehe 12 Januari 1909. Babake aliuawa vitani mwaka wa 1917. Alisoma Cambridge, akahudumu na kikosi cha magari ya wagonjwa katika vita vya Uhispania, kisha akahitimu udaktari mwaka wa 1938.

Lipo tukio jingine la utekwani ambalo halikuhusu takwimu. Huko Elsterhorst, Ujerumani, aliletewa usiku askari wa Kisovieti aliyekuwa mahututi, akipiga mayowe. Ili wengine walale, alimweka chumbani mwake. Hakuwa na dawa kali ya maumivu, wala hakujua Kirusi. Hatimaye aliketi kitandani, akampakata. Mayowe yalikoma papo hapo, na saa chache baadaye mgonjwa akafa kwa utulivu. Cochrane alitambua kwamba kilichomliza kilikuwa upweke. Aliona haya kwa kukosea utambuzi huo, na kwa miaka mingi hakuisimulia habari hiyo.

Baada ya vita alisomea takwimu za tiba London chini ya Austin Bradford Hill, na mwaka wa 1948 akahamia Wales kuchunguza maradhi ya mapafu yanayoletwa na vumbi la makaa ya mawe. Katika bonde la Rhondda Fach aliwafuatilia wachimba migodi nyumba kwa nyumba, asikubali kuwapoteza wagumu kufikiwa.

Kitabu chake cha mwaka wa 1972 kuhusu ufanisi wa huduma za afya kilidai kwamba tiba ipimwe kwa kuwagawa wagonjwa kwa bahati nasibu. Mabingwa wa moyo hawakupendezwa. Safari moja, jaribio lililolinganisha matibabu ya moyo nyumbani na hospitalini lilionyesha vifo vya hospitalini vimezidi kidogo, tofauti isiyo na uzito wa kitakwimu. Cochrane aliwasomea tarakimu hizo akiwa amezigeuza, kana kwamba nyumbani ndiko kulikozidi vifo. Wakamkemea, wakataka jaribio likomeshwe kwa kukiuka maadili. Alipowaonyesha tarakimu sahihi na kuwauliza iwapo sasa vitengo vya moyo hospitalini vifungwe, ukumbi ulinyamaza.

Alifariki Juni 1988. Miaka mitano baadaye, Iain Chalmers na wenzake waliunda shirika la kimataifa la kukusanya na kupima matokeo ya majaribio ya tiba, wakaliita Cochrane.